Timatic na programu za vyeti vya UVIKO-19: kipi kilimvusha msafiri kaunta

Anayeamua kama utapanda ndege ni karani wa kaunta ya shirika la ndege, na karani huyo anasoma Timatic, hifadhidata ya masharti ya kuingia kila nchi. Ubalozi waweza kukujibu vizuri kwenye simu, na wakala wa tiketi akakuhakikishia kwamba mambo ni sawa, lakini kadi ya kupandia haitoki mpaka kilichoandikwa kwenye skrini ya karani kilingane na karatasi ulizoshika. Kwa sababu hiyo, katika huduma zote alizotegemea msafiri kati ya 2020 na 2023 ili kuyajua masharti ya vipimo na karantini, hii kongwe tunaiweka juu ya programu zote mpya za simu. Ina kasoro zake pia, nazo zinafaa kujulikana.

Timatic ni hifadhidata ya IATA, muungano wa kimataifa wa mashirika ya ndege. Kazi yake ilianza 1963. Humo mna masharti ya kuingia kila nchi: pasipoti, viza, afya, forodha na fedha. Karani huingiza uraia wako, nchi unayoishi, unakotoka, unakopitia na unakokwenda, na mfumo humrudishia majibu. Mashirika hayacheki na jambo hili kwa sababu abiria akikataliwa mpakani, shirika lililomleta ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Uingereza, kuanzia Januari 2021, iliweka faini ya pauni 2,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila cheti cha kipimo au bila fomu ya msafiri. Karani anayekuzuia analinda fedha hizo.

Msafiri wa kawaida hupata taarifa zilezile bure kupitia tovuti ya IATA Travel Centre na kurasa za masharti ya safari za mashirika mengi ya ndege. Utafutaji wenyewe huchukua dakika mbili, ila ukikosea kujaza utapewa jibu sahihi la safari ya mtu mwingine. Weka uraia wa pasipoti utakayosafiria nayo, hasa kama unazo mbili. Weka kila kituo cha kuunganisha ndege, hata kama unakaa hapo saa moja na nusu tu. Kosa kubwa tunaloliona ni la mtu aliyenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha. Mizigo yake haipitilizi, hivyo analazimika kupita uhamiaji, kuichukua, kisha kuikabidhi upya. Hapo hayupo tena transiti. Ameingia nchini, na masharti yote ya kuingia yanamhusu; wakati wa UVIKO-19 hayo yalikuwa pamoja na kipimo, fomu na pengine karantini.

Sehemu ya afya isome hadi mstari wa mwisho. Wakati wa UVIKO-19 Timatic ilitanguliza sharti, kisha ikaorodhesha wasiohusika nalo: watoto chini ya umri fulani, wanaopita bila kutoka eneo la transiti, waliochanjwa, waliopona. Wengi waliishia kwenye sharti wakaenda kulipia kipimo wasichotakiwa kuwa nacho. Wengine walifanya kinyume chake: waliona msamaha wa waliochanjwa, wasione mstari uliofuata uliouondoa kwa mtu aliyekuwa katika nchi fulani ndani ya siku 10 au 14 zilizopita. Nchi ulizopitia wiki iliyotangulia zina uzito sawa na nchi unayotoka leo.

Udhaifu wa kwanza wa Timatic ni lugha. Ni Kiingereza cha mkato, sentensi kavu zilizoandikwa kwa ajili ya makarani, na msamaha mmoja waweza kufichwa ndani ya msamaha mwingine. Udhaifu wa pili ni kwamba huduma hii ina nguvu katika sheria inayotumika sasa, wakati msafiri anahitaji pia kujua sheria itakayoanza kesho kutwa. Omikroni, aina mpya ya virusi vya UVIKO-19, ilipopewa jina tarehe 26 Novemba 2021, Uingereza ilikuwa imekwisha kuziweka nchi 6 za kusini mwa Afrika kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi zenye masharti makali zaidi, na karantini ya hoteli kwa watokao huko ikaanza saa 10 alfajiri ya tarehe 28. Katika hali kama hiyo fungua tangazo la serikali yenyewe na utafute jambo moja: sharti linahesabiwa kwa saa ya kuondoka au kwa saa ya kutua? Ndege inayoruka usiku wa manane na kutua asubuhi inaweza kukuweka upande usioutarajia.

Sasa tuje kwenye saa, kwani hapa ndipo vyeti vingi halali vilipokufa. “Saa 72” na “siku 3” ni vitu viwili. Marekani ilipoanza kudai kipimo tarehe 26 Januari 2021 iliandika siku 3, na tarehe 6 Desemba 2021 ikapunguza kuwa siku 1. Siku hizo ni za kalenda. Anayeruka Ijumaa jioni aliweza kupimwa Alhamisi saa yoyote, hata asubuhi, ingawa saa 24 zingekuwa zimepita. Hesabu ilianzia ndege ya kwanza ya safari, mradi safari yote imo katika tiketi moja na hakuna kituo kinachozidi saa 24. Sharti hilo liliondolewa tarehe 12 Juni 2022.

Kwingineko walihesabu saa, na hesabu ya saa haina huruma. Tuseme sharti ni saa 48 tangu sampuli ichukuliwe hadi unapotua, safari yako pamoja na kuunganisha ni saa 18, na maabara hutoa majibu baada ya saa 24. Ondoa 18 kwenye 48, zinabaki 30. Ondoa 24 za maabara, zinabaki 6. Uwanjani unatakiwa saa 3 kabla ya kuruka, kwa hiyo una saa 3 tu za akiba, na hizo ni kama maabara itatimiza ahadi yake. Ukijihami kwa kupimwa mapema, kila saa unayoitanguliza unaiondoa kwenye akiba ya kutua, na ndege ikichelewa cheti kinaisha ukiwa angani. Dawa yake ni kuchagua maabara yenye majibu ya saa 6 hadi 12 hata ikiwa ghali, au kubadili tiketi upate njia fupi. Kutumaini bahati hakumo kwenye hesabu hii.

Dubai iliongeza kikwazo kingine kwa wasafiri wa baadhi ya nchi. Juu ya cheti cha saa 48, mwaka 2021 ilidai PCR (kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi) ya haraka uwanjani, kwanza ndani ya saa 4 na baadaye ndani ya saa 6 kabla ya kuruka. Swali la kwanza hapo lilikuwa kama uwanja unaoondokea una mashine hiyo kabisa, na kama kituo chake hufunguliwa saa zinazolingana na ndege yako.

Kuhusu cheti chenyewe, orodha ya Uingereza ilikuwa kipimo kizuri hata kwa safari za kwingineko kwa sababu ilitaja kila kitu: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa au umri, matokeo, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, jina na mawasiliano ya aliyepima, na aina ya kifaa. Lugha zilizokubaliwa ni Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kipimo cha haraka cha antijeni kilikubalika, lakini kwa vigezo: umahususi (kutomsoma chanya asiye na virusi) wa 97% na usikivu (kumnasa mwenye navyo) wa 80% kwa wenye virusi zaidi ya nakala 100,000 katika mililita moja. Kabla ya kulipa, ilifaa umwombe mhudumu wa maabara akuonyeshe cheti cha mfano. Ilifaa pia uangalie kama saa ya sampuli imeandikwa, maana kulikuwa na maabara zilizoweka tarehe ya matokeo peke yake, na karani hakuwa na namna ya kuhesabu. Na ilifaa umpe mhudumu pasipoti akiwa anaandika jina, usimtajie kwa mdomo.

Aliyepona karibuni alikuwa katika mtego mwingine. PCR hunasa mabaki ya virusi, hivyo inaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona na kuacha kuambukiza. Kurudia kipimo kila siku kulikuwa kupoteza fedha. Marekani ilimruhusu mtu huyo kuleta cheti chake cha chanya cha ndani ya siku 90 pamoja na barua ya daktari inayosema anaweza kusafiri. Ulaya ilikuwa na cheti cha kupona kilichoanza kutumika siku ya 11 baada ya kipimo chanya na kuisha siku ya 180.

Hapo tunaingia kwenye programu. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza tarehe 1 Julai 2021, ndicho bora katika kundi hilo, na ubora wake ulitokana na sheria. Kila nchi mwanachama ililazimika kukitoa bure na kukikubali, na msimbo wake wa QR ulikuwa na saini ya kidijitali iliyoweza kukaguliwa mpakani bila kupiga simu maabara. Kilihitaji uangalizi wa tarehe: kuanzia tarehe 1 Februari 2022 chanjo ya awali, yaani kabla ya dozi ya nyongeza, ilihesabika siku 270 tu kwa safari. IATA Travel Pass ilikuwa na ubunifu mzuri. Ilisoma chipu ya pasipoti, ikalinganisha uso, ikapokea majibu kutoka maabara zilizosajiliwa na kuziacha data kwenye simu ya mwenyewe. Lakini ilitegemea maabara yako iwemo, shirika lako liwemo, na nchi unakokwenda iikubali. Kimoja kikikosekana ulirudi kwenye karatasi. Trusted Travel ya Umoja wa Afrika ilimpa msafiri msimbo baada ya maabara kupandisha matokeo, ikampunguzia karani kazi ya kukisia kama karatasi ni ya kughushi. Bado haikuchukua nafasi ya fomu ya nchi unakokwenda, na hilo liliwaponza waliodhani msimbo unamaliza kila kitu.

Programu hizi zilithibitisha kwamba cheti ni cha kweli. Kama ni cheti kinachotakiwa kwa safari yako ya leo ni swali la pili, na jibu lake liko Timatic. Ukiweza kutumia huduma moja tu, tumia hiyo.

Karantini ya hoteli ilihitaji mpangilio kuliko ujuzi. Uingereza ilitoza pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja kwa siku 10, kisha pauni 2,285 kuanzia tarehe 12 Agosti 2021. Hong Kong ilifikia usiku 21. Siku ya kutua kwa kawaida ilihesabiwa siku ya 0, kwa hiyo “siku ya 2” ilikuwa kesho kutwa yake. Kwa Uingereza ilibidi ununue kifurushi cha vipimo kabla ya kugusa fomu ya msafiri, kwani fomu iliomba namba ya kifurushi hicho na haikukubali kutumwa bila hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023, na Travel Pass na wenzake hawana kazi tena kaunta. Timatic inafanya kazi kila siku, na sehemu yake ya afya bado inazuia watu kwa cheti cha homa ya manjano: chanjo huanza kuhesabika siku ya 10, cheti ni cha maisha tangu tarehe 11 Julai 2016, na nchi nyingi hukidai hata kwa aliyepitia uwanja wa nchi yenye ugonjwa kwa zaidi ya saa 12. Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Itazame mara tatu: kabla ya kulipia tiketi, saa 72 kabla ya kuruka, na asubuhi ya safari. Hiyo ya mwisho ichapishe ikiwa na tarehe na saa. Karani akisema hapana, mwombe kwa upole afungue ukurasa uleule na msome pamoja mstari wa msamaha unaokuhusu. Akiendelea kukataa, omba msimamizi wake kabla kaunta haijafungwa.