Julius Caesar ya 1953: filamu ya kuonyesha vipande

Kwa mwalimu wa tamthilia ya Julius Caesar, filamu ya Joseph L. Mankiewicz ya mwaka 1953 ni chombo kizuri chenye ncha mbili. Maneno ni ya Shakespeare mwenyewe, yamepunguzwa tu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuifuata kidole kikiwa kwenye ukurasa. Lakini ukiiachia saa 2 zote bila kitabu, wapo watakaoingia kwenye mtihani na tamthilia ambayo Shakespeare hakuiandika.

Anza na Tendo la 1, Onesho la 2. John Gielgud, kama Cassius, hutamka mistari kwa namna ambayo hata msomaji dhaifu husikia kituo kinapokaa. Kisha ruka hadi Tendo la 3, Onesho la 2, maana hapo ndipo filamu inapolipa gharama yake.

James Mason (Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar) anahutubia umati kwa utulivu wa mtu anayedhani hoja nzuri inatosha. Mara anatokea Marlon Brando (Antony, rafiki wa Caesar), maiti ya Caesar mikononi, na hotuba ya Brutus inaanza kupoa kabla mwenzake hajafungua kinywa. Subiri Antony aseme kwamba moyo wake umo jenezani, anyamaze, awape watu mgongo. Kamera inamkabili usoni: anapiga hesabu, masikio yako nyuma. Simamisha filamu hapo hapo.

Kitabuni uso huo haupo. Tunajua tangu onesho lililotangulia, alipobaki na maiti, kwamba anataka kisasi. Ila kama machozi ya hadharani ni ya kweli au ya kuigiza (au yote mawili, mbona binadamu anaweza), Shakespeare ametuachia wenyewe. Mwongozaji amekwisha kutujibia. Waulize wanafunzi ni mstari gani unaouunga mkono uso ule, na upi unaoupinga. Atakayemtaja raia anayesema macho ya Antony yamekuwa mekundu kama moto kwa kulia, amesoma.

Onyesha kipande hiki mara mbili. Mara ya kwanza maandishi ya chini yawepo na vitabu vifungwe. Mara ya pili ondoa maandishi, vitabu vifunguliwe, kwani macho hayasomi mahali pawili. Katika mara hiyo ya pili wafuatilie wosia wa Caesar: Antony anautaja, anakataa kuusoma, anashuka, anaonyesha joho lililotoboka, anafunua maiti, ndipo anasema drakma 75 kwa kila raia. Waone pia kwamba Brutus kaandikiwa nathari na Antony ushairi. Kwenye skrini tofauti hiyo hupita bila kutambuliwa. Darasa linalolemewa na Kiingereza cha kale lisome kwanza hotuba hiyo katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari.

Kasoro kubwa ni kufutwa kwa Cinna mshairi. Onesho lake (Tendo la 3, Onesho la 3) ni fupi mno, lakini ndilo tunda la hotuba: umati unamshambulia mtu kwa sababu tu jina lake ni la mmoja wa wauaji. Bila yeye, ufasaha wa Antony unabaki kitu cha kupigiwa makofi. Zima filamu, lisomwe kwa sauti papo hapo. Vita vya Filipi, vinavyofunga tamthilia, navyo vimegeuzwa shambulio la kuvizia bondeni. Usivionyeshe kabisa, wasome Tendo la 5.

Kuhusu vifaa: picha ni nyeusi na nyeupe, hivyo maonesho ya usiku, hasa bustani ya Brutus, huwa giza tupu kwenye projekta hafifu. Kama mapazia hayazibi mwanga, yaache maonesho hayo. Onesho la hotuba ni la mchana na linaonekana vizuri, ila spika za kompyuta mpakato hazitoshi: makelele ya umati humeza maneno, na walio nyuma huambulia mayowe tu.