Kabla hujanunua waya ya kuku: vitu vya kuzuia panya, kanu na mwewe, kuanzia cha maana mpaka cha kupoteza pesa

Watu huniuliza waya gani ndio poa ya nyumba ya kuku na jibu langu huwa linawaudhi, ju nawaambia wanunue pipa kwanza.

Nilianza na kuku 12 wa kienyeji nyuma ya nyumba huku Kahawa West, Nairobi, nikaita fundi, akafunga chiken waya ile ya matundu ya pembe sita, ikang'aa kweli, na kabla mwezi kuisha nilikuwa na panya wengi kuliko kuku. Walifuata chakula. Piga hesabu hii: kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, so 12 wanamaliza karibu kilo moja na nusu. Panya mkubwa naye anakula kati ya gramu 15 na 30. Ukiwa na panya 20, na hao si wengi kwa ploti yenye gunia la mashi (chakula cha kuku cha kusagwa) limefunguliwa, unaweza kuwa unalisha nusu kilo kila usiku kwa wageni wasiotaga. Halafu wanazaana, mimba yao ni wiki tatu tu. Halafu nyoka na paka shume wanafuata panya. Kwa hivyo unaanza na kile kilichowaita.

Namba moja basi ni pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana. Ukienda Kamukunji kwa jua kali wanakutengenezea la mabati saizi unayotaka, uliza tu bei kwa watu watatu kabla ya kufungua mfuko. Ukichukua pipa lililotumika uliza lilibeba nini, na ukisikia harufu ya rangi ama dawa liache hapo hapo hata kama wanakuapia limeoshwa. La plastiki ni bei poa lakini panya akipata pembe ya kushika na meno atalitoboa, ni muda tu. Na kama uko na lile sanduku la bati ulilobeba shule ukienda Fomu Wani bado liko chini ya kitanda, litoe, gunia la kilo 50 haliingii lote lakini nusu inaingia na panya hawezi kitu. Usiku toa pia chombo cha kulia, usiache mashi ndani. Kuna vile vya kukanyaga, kuku akisimama kifuniko kinafunguka, fundi mzuri anaweza kuiga kwa picha ya simu, ila vifaranga hawana uzito wa kukifungua na kuku wakubwa wanachukua siku kadhaa kuzoea.

Sasa waya, ambayo ndiyo itakula pesa zaidi. Chiken waya inazuia kuku kutoka, hiyo ndiyo kazi yake. Mbwa anairarua, na panya wadogo wanapita kwa matundu kama mlango wao. Kuna asubuhi niliamka nikapata vifaranga wawili wamevutwa miguu kupitia matundu, sitaeleza zaidi. Kipanya anahitaji tundu la kama milimita 6 tu, yaani penseli ikipita hesabu kwamba na yeye anapita. Kwa hivyo tafuta waya ya kofi trei, ile wakulima wanaanikia kahawa, yenye matundu madogo ya mraba, ama weldimesh (waya ngumu iliyochomelewa) ya matundu ya robo inchi. Beba rula. Nimeshauziwa "robo inchi" ambayo nilipofika nyumbani ikawa nusu, na nusu inazuia kanu na panya wakubwa lakini vipanya wanaingia wakicheka. Kitu kingine kinachochanganya watu ni geji: namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba, so mabati ya geji 32 ni nyepesi kuliko ya 30, usidhani umepewa ya nguvu. Na iwe ya galvanaizi, ile nyeusi inashika kutu msimu mmoja wa mvua. Waya ya plastiki usiguse.

Bei siweki hapa ju zinabadilika, na ya hadwea ya mtaa haifanani na ya Industrial Area, lakini kuna ujanja wa kupunguza gharama. Chukua nyumba ya futi 6 kwa 8, mzunguko ni futi 28, ukuta futi 6. Ukifunga yote kwa waya ya upana wa futi 3 unahitaji futi 56, kama mita 17. Sasa weka mabati futi 3 za chini, ambazo panya hawezi kupanda ju zinateleza, halafu waya mkanda mmoja tu juu yake, futi 28. Umekata waya nusu na pia umekinga kuku na upepo wa Julai. Mwambie fundi atumie misumari ya U ama skrubu na washa pana (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), asikunje misumari ya kawaida, hiyo mbwa anaivuta mara moja ikatoka. Chini, laza waya nje ya ukuta futi moja na nusu ukiifunika na mchanga, mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi na hapo ndipo atagonga chuma.

Komeo ni ya tatu na watu huidharau. Kanu (si ile ya jogoo, hii inakula jogoo) ni mnyama wa mkia mrefu wenye pete, anapanda miti, anatembea usiku, na ukiacha mlango umefungwa na kamba ama kile kijiti cha kuzungusha atasukuma mpaka apate mwanya wa kichwa. Nguchiro yeye anakuja mchana, wanaokaa karibu na mto ama shamba wanamjua. Weka komeo juu na chini, na kufuli, kwa sababu Desemba ikikaribia mwindaji mkubwa kwa hii mji anatembea kwa miguu miwili.

Kama nyumba yako imeinuliwa, mikebe chini ya miguu ndio kitu rahisi kabisa kwa hii orodha yote: mikebe ya rangi, oili chafu ya gereji ndani. Ni ya siafu. Mvua kubwa ikianza wanahama, na wakiingia kwa vifaranga usiku asubuhi unapata manyoya tu. Ongeza kipande cha mabati laini kuzunguka kila mguu na panya naye anashindwa kupanda. Funika mikebe kuku wasinywe hiyo oili.

Mwewe: nunua shedi neti (ile neti ya kivuli) kwa agroveti ufunike pale vifaranga wanapotembea. CD za kuning'inia zinafanya kazi siku chache halafu anazoea.

Mitego iko poa kwa panya waliobaki ndani baada ya kuziba. Ule wa kubamiza weka ndani ya boksi lenye tundu dogo, kuku asiingize mdomo. Gundi mimi sipendi, kifaranga akinasa utalia na wewe. Paka akiwa mzuri ni msaada, akiwa mbaya ni mwindaji umemlipia samaki, na huwezi kujua ni yupi mpaka umlete.

Sumu naweka karibu na mwisho. Kuku anakula kipanya aliyekufa, watu wengi hawajui hiyo, na paka wa jirani pia. Ukilazimika nunua kwa agroveti, iwe na lebo na namba ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu na panya), weka kwa boksi lililofungwa na uzike maiti kila asubuhi. Ya yule wa kipaza sauti cha "panya, mende, kunguni" haina lebo, hujui umenunua nini, na hata yeye hajui.

Mwisho kabisa ni taa za kumetameta na vile vidude vya kuchomeka kwa soketi vinavyosema vinafukuza panya kwa sauti ambayo mtu hasikii. Huko Marekani mwaka wa 2001 tume yao ya biashara, FTC, iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaonya kuhusu hayo madai, na bado vinauzwa. Nilinunua kimoja kabla sijajua. Siku hizi nikitaka kuchaji simu ndio nakitoa kwa soketi.