Mkanda wa Kifua kwa Mbwa Aliyekatwa Mguu wa Mbele: Tathmini kutoka Unguja

Mkanda ninaoutathmini hapa ulishonwa na fundi wa viti vya magari, Mwanakwerekwe, kwa shilingi 40,000 pamoja na vifaa vyake. Unazunguka kifua cha mbwa, unafungwa kwa bizimu mbili, na juu ya mgongo una mshikio ambao mtu huushika ili kumwegemeza mnyama anapoinuka, anapopanda ngazi au anapopita penye utelezi. Nimeutumia kwa mbwa wetu tangu jeraha lake lilipofunga hadi leo, na hukumu yangu ni kwamba mbwa aliyepoteza mguu wa mbele anastahili kuwa nao, ilimradi ukatwe kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Kwa mbwa aliyekatwa mguu wa nyuma sioni haja ya kutumia fedha hizo, na sababu nitaieleza.

Chui ni mbwa wa ulinzi, wa kienyeji, mwenye umbo la wastani, anayelala nje katika uwanja wa nyumba yetu Bububu. Aligongwa na gari, na ingawa mifupa haikuvunjika, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda begani iling'oka, na mguu wa kushoto wa mbele ukafa ganzi moja kwa moja. Mguu wa namna hiyo ni mzigo kwa mbwa: huuburuza chini, ngozi ya juu ya wayo huchubuka na kufanya vidonda, na wengine hufika kuutafuna wenyewe. Daktari wa mifugo aliukata wote pamoja na kombe la bega, jambo ambalo baadhi ya jamaa waliliona ni ukatili uliopita kiasi. Hata hivyo, ndivyo inavyofanywa mara nyingi, kwani kigutu kikiachwa mbwa hujaribu kukikanyagia kikapata vidonda visivyopona, na kombe likibaki, misuli iliyolifunika hunyauka na mfupa ukatokeza chini ya ngozi. Nalieleza hili kwa sababu linauhusu mkanda wenyewe: upande mmoja wa kifua cha mbwa huyu hauna bega, na mkanda uliobuniwa kwa mbwa mwenye mabega mawili humporomoka upande huo na kumbana kooni.

Mbwa mzima hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ile ya nyuma, kwa kuwa kichwa, shingo na kifua vyote viko mbele. Aliyepoteza mguu wa nyuma kwa hiyo hupona mwendo kwa wepesi zaidi, na katika siku za mwanzo kanga kuukuu iliyokunjwa kwa urefu, ikapitishwa chini ya tumbo mbele ya mapaja na kushikwa ncha zote mbili juu ya mgongo, inatosha kabisa kumsaidia kwenda haja. Huyo ndiye niliyesema hahitaji mkanda wa fundi. Wa mbele hali yake ni nyengine: kila hatua anauinua mwili wote wa mbele kwa mguu mmoja, akichoka anaangukia kidevu, na kanga ikipitishwa chini ya kifua hubana pale pale penye mshono. Tulijaribu kanga kwa Chui baada ya nyuzi kutolewa, nayo ilimsogelea shingoni kila alipoinama, ndipo tukaenda kwa fundi.

Fundi huyo hakuwahi kumshonea mbwa kitu chochote, lakini mashine yake ni ile nzito inayoshona ngozi na turubai, na hilo ndilo lililotupeleka kwake. Nilimpelekea vipimo na picha. Baada ya kuzitazama kwa muda mrefu aliniuliza, "Mwalimu, mnyama akiinuliwa, uzito unakaa wapi?" Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyotarajia. Jibu lake ni kwamba uzito unapaswa kukaa kwenye mfupa wa kifua na mbavu za mbele, wala usikae shingoni wala tumboni. Kwa kufuata hilo alikata kipande kipana cha turubai jepesi kinacholala chini ya kifua baina ya mahali pa miguu ya mbele, akakiwekea sponji nyembamba na bitana ya pamba, kisha akapandisha mikanda miwili ya nailoni pana hadi mgongoni, mmoja mbele ya bega lililobaki na mmoja nyuma ya kwapa. Upande usio na mguu hakuacha tundu la kupitisha kitu. Aliuziba kwa kitambaa kilichonyooka ili mkanda usipate nafasi ya kuteremka. Mshikio aliushona kwa mishono ya msalaba iliyorudiwa, na kwa ombi langu hakuuweka katikati ya mgongo bali aliusogeza kidogo mbele, juu ya mahali ambapo mwili wa Chui huzama anapochoka.

Kasoro ya kwanza ilikuwa bizimu. Fundi alitumia za chuma cha kawaida, na hewa yetu ya chumvi haikuzipa muda. Zilianza kutu, zikaacha madoa kwenye manyoya na kuwa ngumu kufungua. Alizibadilisha kwa zile za plastiki za kubana, za mabegi, bila kudai malipo ya ziada, nazo zimedumu. Anayeagiza mkanda kama huu kisiwani aseme mapema kwamba hataki chuma kinachoshika kutu mahali popote, hata kwenye pete ya kufungia kamba.

Suala la wakati wa kuanza kuutumia ni zito kuliko ushonaji wenyewe. Baada ya kukatwa mguu mbwa wengi husimama na kutembea ndani ya siku moja au mbili, na mwenye mbwa hushawishika kudhani kwamba kazi imekwisha, ilhali nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 na mshono wa kifuani ni mrefu. Mkanda wowote unaosugua hapo kabla ya wakati huo utaufungua, isipokuwa daktari aliyeuona mshono aseme vyenginevyo. Katika kipindi hicho tulimvalisha Chui fulana ya pamba ya mtoto, ikibadilishwa na kufuliwa kila siku, pamoja na kola ya plastiki ya kuzuia asijilambe. Fulana hiyo ilikuwa na kazi kubwa zaidi ya usafi, kwa sababu katika joto letu nzi hutua kwenye jeraha bichi na kutaga, na funza wakishaingia mbwa anaweza kufa. Uvimbe na weusi wa ngozi kuzunguka mshono katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na pengine majimaji hukusanyika chini ya ngozi yakafanya kifuko laini. Usaha, harufu mbaya, mshono kuachana au mbwa kukataa chakula ni mambo ya kumrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo.

Matumizi ya mshikio yanahitaji kufundishwa, na hapa ndipo nimeona watu wazima wenye nia njema wakifanya madhara. Mshikio haukuwekwa ili mbwa abebwe nao. Anayemsaidia hutembea upande usio na mguu, hushika kwa kulegeza, na hukaza mkono pale tu mwili unapoanza kulala, kama mtu anavyomshika mzee kiwiko wakati wa kuvuka barabara. Mbwa anayeinuliwa kila hatua haujengi mguu uliobaki wala misuli ya mgongo, na huzoea kusimama akisubiri. Katika uwanja wa mchanga Chui hakuuhitaji mshikio kwa muda mrefu. Kwenye ngazi tatu za varanda aliuhitaji sana, hasa kwa kushuka, kwa maana katika kushuka uzito wote unamwagikia mguu mmoja wa mbele. Aliuhitaji pia kwenye vigae, na kwa vigae sitegemei mkanda peke yake: tulitandika vipande vya zulia la usumba kutoka mlangoni hadi penye bakuli lake la maji, kwa sababu usumba hushika sakafu na hushika kucha, ilhali mkeka wa ukindu huteleza pamoja na mbwa aliye juu yake.

Kuna faida moja ya mshikio ambayo watengenezaji wa nchi za nje pengine hawakuifikiria, nayo kwetu ni kubwa. Anayeshinda na Chui zaidi kuliko sisi ni mlinzi, mtu wa makamo, mcha Mungu, aliyekuwa akimwonea mnyama huruma lakini akisita kumshika. "Mwalimu, mimi namhurumia kwelikweli," alisema, "lakini nina sala tano." Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Zanzibar, mate na umajimaji wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ila kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Mkono mkavu ukishika mshikio mkavu, mlinzi anamsaidia mbwa kupanda varanda na kwenda kusali bila wasiwasi. Siku za mvua, mkanda ukilowa, faida hiyo huondoka, kwa hiyo tumemwekea glavu ndefu za mpira zinazotundikwa penye kibanda chake. Sikutarajia kwamba kipande cha nailoni kingeamua nani anaweza kumuuguza mbwa huyu, lakini ndicho kilichoamua, na kwa hilo pekee naona shilingi zile 40,000 zilikwenda mahali pake.

Sasa joto. Turubai, hata likiwa jepesi, halipitishi hewa ya kutosha kwa majira ya kaskazi, na mbwa wa miguu mitatu hutumia nguvu nyingi kuliko mwenzake kwa masafa yale yale, hivyo huhema mapema. Mkanda huu usiachwe mwilini mchana kutwa. Sisi humvalisha kwa shughuli maalumu kisha tukamvua, na kila akivuliwa tunapapasa kwapa la mguu uliobaki na mstari wa kovu kutazama wekundu au manyoya yaliyokatika. Mkanda wa nyuma ya kwapa ulimchubua Chui mara ya kwanza kwa sababu ulikaa karibu mno na mguu. Fundi aliurudisha nyuma kwa upana wa vidole vitatu na mchubuko ukapona. Kipimo cha kukaza ni vidole viwili kupita baina ya mkanda na mwili bila kulazimisha. Sponji nayo hunyonya maji na hukauka polepole wakati wa masika, ikaanza kunuka. Ningeshona mwengine leo, ningeiondoa na kuweka tabaka mbili za pamba.

Mikanda ya kuagizwa nje, yenye wavu unaopitisha hewa, ni bora kwa upande wa joto, lakini ukijumlisha usafirishaji bei yake hupanda mno, na isipomkaa mbwa hakuna wa kumrudia aifumue na kuishona upya, jambo ambalo fundi wetu amelifanya bila kulalamika.

Mkanda hauondoi maumivu, na ni lazima niliseme hili kwa sababu wapo wanaofikiri mbwa anayegoma kutembea anahitaji tu kushikiliwa. Chui aligoma siku fulani baada ya nyuzi kutolewa, akageuka ghafla kuutazama ubavu usio na mguu na kulia. Daktari alieleza kuwa ni maumivu ya mishipa ya fahamu iliyokatwa, akampa gabapentini, dawa inayotumika kwa maumivu ya aina hiyo, pamoja na meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kwa vipimo vya uzito wake. Dawa za maumivu tulizonazo majumbani asipewe mbwa kamwe bila ya daktari: ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli ikizidi huliharibu ini. Uzito nao una hesabu yake, kwa kuwa kila kilo ya ziada inabebwa na mguu mmoja wa mbele kwa maisha yote yaliyobaki. Tulipunguza ugali, tukaongeza dagaa waliochemshwa bila chumvi, na tunahakikisha mbavu zinasikika chini ya kiganja ingawa hazionekani.

Kwa mazoezi, mchanga mkavu wa pwani ni mgumu kwake na humchosha haraka, lakini maji yakipwa, mchanga uliolowa na kushikana ni uwanja mzuri kuliko wowote ninaoujua hapa Unguja: ni tambarare, hautelezi, na mbwa akianguka haumii. Tulianza kumpeleka baada ya daktari kuthibitisha kuwa mshono umefunga kabisa, kwa matembezi mafupi, akiwa na mkanda na mshikio ukiwa tayari mkononi. Maji ya bahari yaliingia kwenye nailoni, kwa hiyo kila tukirudi mkanda huoshwa kwa maji baridi na sabuni na kuanikwa kivulini, kwani jua kali huikausha nailoni na kuidhoofisha mishono.

Atakayetaka kushonewa apeleke kwa fundi vipimo vinne: mzunguko wa kifua nyuma ya mguu uliobaki, mzunguko wa shingo pale chini inapokutana na mabega, urefu kutoka mfupa wa mbele wa kifua hadi nyuma ya kwapa, na mstari wa kovu uchorwe kwenye karatasi ili pasipite mshono wa kitambaa juu yake. Mbwa apimwe akiwa amesimama, baada ya uvimbe kwisha, na mkanda ujaribiwe mwilini kabla fundi hajakaza mishono ya mwisho ya mshikio.