Uzoefu wangu: MCP kwenye stoo ya dagaa, Mwaloni Kirumba

Niseme mapema ili asiye na muda asisumbuke: MCP nimeikubali na siitoi. Ila ukidhani kuunganisha ndiyo kazi yenyewe, itakutesa. Kazi iko kwenye maelezo ya zana.

Kwa asiyeifahamu, MCP (Model Context Protocol) ni itifaki huria, yaani kanuni za programu kuwasiliana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, inayomwezesha wakala wa akili mnemba kuita programu za nje. Unaandika seva ndogo, nayo inamtangazia wakala zana ulizonazo: jina, maelezo kwa maneno ya kawaida, na skima ya JSON inayosema taarifa gani ziingizwe. Basi. Msimbo ulio nyuma haoni. Mimi nimeifunga kwenye mfumo wa stoo wa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, ili mama mwenye mzigo aandike meseji yake kama kawaida, wakala amalizie kusajili, kuangalia salio na kutuma SMS kwa wanunuzi. Kuisimika kwa Python hakukunisumbua, sina la kuongeza hapo.

Mfumo wenyewe niliurithi, na zana ya sajili_mzigo ilikuwa na maelezo ya maneno mawili: "Husajili mzigo." Sehemu ya kiasi ilisema "namba", ikaishia hapo. Mtu wa Mwaloni hahitaji zaidi, anajua stoo hii dagaa wakavu wanahesabiwa kwa gunia. Wakala ni kama kibarua mgeni aliyeshuka leo: mchapakazi, lakini usipomwambia anakisia na wala haoni aibu. Mama akiandika "nimepokea ishirini toka Ukerewe", zinaingia kilo 20 na mfumo unapokea bila ubishi. Sasa sehemu hiyo inaitwa idadi_magunia, na maelezo yake ni haya: "Idadi ya magunia ya dagaa wakavu, namba kamili. Mtumiaji asipotaja kipimo, muulize, usikisie." Hicho kipande cha mwisho kimenisaidia kuliko kubadili modeli (akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala).

Saa nayo ni hivyo hivyo. "Boti inaingia saa mbili usiku" iliandikwa 02:00, wakati kila mtu hapa anajua ni 20:00. Nimeweka mfano huo huo ndani ya maelezo, pamoja na agizo la kuandika kwa ISO 8601 (muundo wa kimataifa wa tarehe na saa) na +03:00, yaani saa za Afrika Mashariki. Mfano mmoja halisi unamfundisha kuliko aya nzima ya sheria.

Kilichonila muda ni SMS. Kampuni tunayonunulia vifurushi (siitaji) imeweka maelezo ya API yake (mlango ambao programu nyingine hupitia kuitumia) kwenye PDF ambayo mifano yote ni picha za skrini, na hakuna mahali panaposema namba ya simu ianze na 0 au 255. Ukikosea inakurudishia "400" tupu, yaani ombi lina kosa bila kusema lipi, na wakala anarudia ombi lile lile. Nikaweka seva yangu katikati. Namba ikiwa na kosa, seva inamwambia wakala: "Namba lazima ianze na 255 na iwe na tarakimu 12. Uliyoweka inaanza na 0. Toa 0, weka 255." Anajirekebisha mwenyewe, sihitaji kugusa kitu.

Kisha mama akaja juu: "Mwanangu, hela ya meseji mbona inakwisha upesi hivi?" Chanzo kilikuwa apostrofi. SMS moja hubeba herufi 160 kama zote zimo kwenye seti ya GSM, orodha fupi ya herufi za msingi za simu. Ikiingia alama moja tu isiyomo, meseji nzima inahamia Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote) na nafasi inabaki 70. Apostrofi iliyonyooka (') imo, iliyopinda (’) haimo. Wakala wangu alikuwa akiandika iliyopinda, na huku Usukumani wateja wenye majina ya Ng'w ni wengi mno. Meseji ya herufi mia inakatika vipande viwili, unalipia mara mbili. Nimeandika kwenye maelezo "apostrofi iliyonyooka tu, bila emoji", na bado seva inabadilisha yenyewe kabla ya kutuma, maana maelezo humshauri wakala, hayamfungi. Hata ile alama ya destructiveHint, inayotambulisha zana inayoweza kuharibu data, itifaki yenyewe inaiita dokezo tu. Kufuta mzigo kwangu hakupiti mpaka mtu abonyeze kukubali.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli husoma: kwa mpangilio wangu maelezo ya zana zote hupakiwa kila mazungumzo yanapoanza, na Kiswahili hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Nimelazimika kuunganisha zana zinazofanana ili zipungue. Kama una zana moja au mbili na mtumiaji ni wewe peke yako, usihangaike na seva; andika faili moja safi la maelezo ya API yako, lenye mifano ya kunakilika, umpe wakala asome.