Elfu kumi kwa mstari mmoja: fundi wa kompyuta wa njia ya stesheni, Kigoma

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kiti, nitafika huko.

Nina steshonari Mwanga, hatua chache kutoka sokoni. Natoa kopi, nachapa barua, na wafanyabiashara wa dagaa na mawese wananiachia niwatunzie orodha za mizigo: magunia mangapi, madumu mangapi, nani hajamalizia. Orodha hizo zikipotea sina pa kuficha uso. Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu, anayesoma Dodoma, aliniandikia skripti fupi, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine, kwenye laptop yangu ya mtumba yenye Ubuntu 20.04, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Kila siku saa tano usiku kompyuta inakili yenyewe folda ya siku kwenye flash. Flash isipokuwepo, iandike kwenye faili la kumbukumbu: "flash haipo".

Basi kila asubuhi nikifungua faili nakuta: flash haipo. Na flash ile pale imechomekwa, kitaa kinawaka! Nikaichomoa, nikaifuta kwa kanga, nikabadilisha tundu. Nikanunua nyingine ya elfu kumi na tano. Flash haipo. Nikimpigia kijana, ananielekeza nifungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, niiendeshe skripti kwa mkono, nayo inanakili kila kitu bila kinyongo. "Shangazi, mbona inafanya kazi?" Inafanya kazi mchana nikiwa nimeikodolea macho. Usiku inanigeuka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, wa mtaa mwingine kabisa, aliitazama dakika mbili akasema dawa ni kufuta kila kitu na kupiga Windows, elfu ishirini na tano. Nikafunga laptop yangu nikaondoka.

Huyu ninayemsifu yuko ukishuka kuelekea stesheni, kibanda chenye mlango wa buluu. Flash hata hakuigusa. Alitaka kuona mstari wa kwanza wa skripti, akausoma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haijasema inataka kusomwa na nani."

Akanieleza huku anaandika. Ukiita skripti, sheli, programu inayopokea amri zako, inaipeleka kwa kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, na kerneli inachungulia alama mbili za mwanzo kabisa. Ikikuta #! inasoma njia iliyoandikwa mbele yake, tuseme /bin/bash au /usr/bin/python3, inaiita programu hiyo iwe mkalimani na kuikabidhi faili. Jina la faili kuishia na .sh si hoja kwake, hiyo ni alama yetu sisi watu. Isipokuta hizo alama mbili, inalirudisha faili: hili silijui. Hapo sheli iliyolipeleka inajifunga kibwebwe na kulisoma yenyewe, kwa lugha yake.

Yangu ilianza moja kwa moja na jina la folda. Mchana, sheli ya terminali yangu ni Bash, kwa hiyo Bash ndiye aliyesoma. Usiku, anayeamsha skripti ni cron, programu ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa, na cron hupitia sheli iitwayo /bin/sh. Akapiga ls -l /bin/sh nikaona kwa macho yangu kwamba kwenye Ubuntu jina hilo linaelekea kwa mtu mwingine, sheli iitwayo Dash.

Mfano wake ndio ulioniingia. Alisema chukua barua isiyotaja lugha, iache Kibirizi penye boti. Akiiokota Muha ataisoma kwa Kiha, akiiokota Mrundi ataisoma kwa Kirundi, na lugha hizo zimekaribiana mno, kwa hiyo wote wataenda vizuri tu mpaka wafike kwenye neno wasilochangia. Hapo mmoja anakwama, au anaelewa kinyume.

Neno lenyewe akanionyesha. Aliandika sh hifadhi.sh, yaani kumlazimisha msomaji wa usiku aisome mchana kweupe, na kioo kikajibu:

hifadhi.sh: 3: [[: not found
flash haipo

Mabano mawili. Kijana wetu aliuliza kama flash ipo kwa kutumia [[, ambayo Bash anaijua na Dash haijui. Dash akadhani ni jina la programu, akaitafuta, akaikosa, na kukosa kwake kukahesabiwa kuwa jibu ni hapana. Kwa hiyo akashuka kwenye tawi la pili na kuandika uongo wake kwa moyo mweupe. Lile lalamiko la juu cron angelituma kwa barua pepe ya ndani ya mashine, lakini laptop yangu haina programu ya kutuma barua hizo, likatupwa. Usiku baada ya usiku.

Akaongeza juu kabisa #!/bin/bash, akapanga cron iamke baada ya dakika mbili, tukasubiri tukiangalia kitaa cha flash. Kikapepesa. Elfu kumi.

Wapo watakaosema elfu kumi kwa herufi kumi na moja ni wizi. Mimi nimelipia kujua zikae wapi. Hata kuongeza nafasi moja au mstari mtupu juu yake kunaiua, kwa sababu kerneli haitafuti, inaangalia mwanzo tu. Na ukiita kwa sh mbele, mstari huo haumsaidii mtu, maana kwa sheli chochote kinachoanza na # ni maelezo ya pembeni.

Historia alinipa bila kuombwa. Alama hizo mbili alizileta Dennis Ritchie wa Bell Labs mwaka 1980. Ubuntu nao walimpa Dash kiti cha /bin/sh mwaka 2006, Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, wakafuata 2011, kwa kuwa ni mwepesi na mashine inawaka haraka. Nikamwambia sawa, wepesi wao nimeulipia mimi kwa flash ya pili. Tulipobishana ni pale alipotaka kuandika #!/usr/bin/env bash, eti kuna mifumo kama FreeBSD ambako Bash haikai /bin. Fundi, laptop hii inatoka dukani kwenda nyumbani. Akacheka, akaacha.

Wiki ya pili nilirudi. Kijana alikuwa ameirekebisha skripti kwenye Notepad ya Windows akanitumia kwa WhatsApp, na sasa hata mchana inagoma: "bad interpreter". Fundi akapiga head -1 hifadhi.sh | cat -A, mwishoni mwa mstari pakatokea ^M$. Hiyo ^M ni alama ya mwisho wa mstari wa Windows, haionekani kwa kawaida, nayo kerneli imeihesabu kuwa sehemu ya jina. Ilikuwa inamtafuta mkalimani aitwaye bash-na-kitu-mkiani, ambaye hajazaliwa. Akaiondoa kwa amri moja ya sed, hakunitoza.

Sasa kiti. Kipo kimoja, na anakikalia yeye. Mteja unasimama jua likikuchoma kisogo, na maelezo yake si mafupi, mmeona. Risiti hatoi mpaka uidai mara mbili. Ijumaa anafunga saa sita, hurudi akijisikia. Nendeni asubuhi, na mchukue chaja zenu, ya kwake ina pini moja tu na watu wanaigombania.

Flash ya pili nimeirudisha kwenye pakiti yake, haijatumika tangu tatizo liishe. Anayeihitaji aje dukani, namwachia kwa elfu kumi na mbili.