HiAce ya Kulala Njia za Shamba Pemba: Msikitoe Kile Kioo!

Asalaam aleikum wapenzi watazamaji. Leo tuko Konde, Pemba, na gari mliyoniuliza mpaka mkanichosha: HiAce ya kulala, ile ndefu. Injini, kitanda, jiko la gesi, hayo yamejaa mitandaoni, siyarudii. Nataka niwaoneshe kitu kimoja ambacho watu wa mjini gari ikishatoka bandarini tu wanakifungua wanatupa, eti kinaharibu sura.

Hiki hapa. Kioo hiki kidogo cha duara, kona ya mbele kushoto. Mpigapicha, njoo ndani, kaa nyuma ya bega langu. Mimi nimekaa kulia. Tairi ya mbele kushoto naiona? Siioni. Kioo kikubwa cha ubavuni kinanionesha mlango na kule nyuma, basi. Sasa tazama cha duara: bampa ile, tairi ile, na pale chini ukingo wa jamvi la karafuu za watu, mpaka zile chache zilizomwagika nje mnaziona. Nasogea kushoto... polepole... hapo hapo! Imebaki shubiri moja. Bila kioo hiki ningekuwa nimeshasaga karafuu za mtu, na hapo bwana usitegemee kusema samahani ukaondoka.

Maana msimu huu ukiambiwa "kaa kushoto umpishe mwenzio", kushoto kwenyewe kuna karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, vimeanikwa. Gari hii ina upana wa mita 1.88 bila vioo. Lori pana ni mita 2.5. Njia ya mita nne haiwatoshi, hata mkipendana vipi. Kwa hiyo hesabu ya kupishana unaifanya mapema, mbali.

Ngoja, ile gari ya abiria inakuja. Tazameni: sikimbilii kubanana nayo penye majamvi. Nasimama huku nyuma kabla ya majamvi, penye majani, indiketa ya kushoto, ajue nimempa njia. Huyo... kapita. Mkono juu. Kanirudishia, mmeona? Kwenye mlima, wewe unayeshuka ndiye unayesubiri. Yule anayepanda na mzigo akisimama, kuondoka tena ni kazi.

Wanaoniandikia "kwa nini usituoneshe Fiat Ducato, zile gari za kulala za Ulaya?" Ndugu zangu, Ducato mwili wake tu ni mita 2.05, bado hujahesabu vioo. Mtaipitisha msitu wa Ngezi nyinyi, mimi nitawashika kamera.

Sasa la kuudhi. Turubai la kivuli. Limefungiwa kwenye boksi refu juu, ubavu wa kushoto, limechomoza nje. Na kioo changu kipenzi kinatazama chini, hakilioni! Sikilizeni... krrrr. Hilo ni tawi la mkarafuu, lina vishada. Narudi nyuma taratibu, sijilazimishi mbele, maana ukilazimisha unalivunja. Fundi aliyelifunga angeliweka katikati ya paa, au angalau kulia. Nilikuja na nia ya kuisifu gari hii moja kwa moja, lakini kwa bei wanayoitaka, na bado nilipe fundi mwingine kuhamisha boksi? Nasita. Kivuli cha mwembe bure.

Bei yenyewe mwenye gari kanikataza kuitaja, msinisumbue kwenye maoni. Nitakachosema ni kwamba unapata Kirikuu, ile pikapu ndogo, na chenji nzuri. Wiki ijayo nina Kirikuu iliyotiwa godoro, nyembamba, inapita popote, ila mrefu kama mimi miguu italala nje. Jisajilini msikose.

Ah, na ukitaka kulala kijijini, mwone sheha, kiongozi wa eneo, kwanza, usiegeshe tu uwanjani kwa watu ukazima taa.

Kuna bodaboda wawili nyuma yangu tangu tuanze kupanda, hawapigi hata honi, maskini. Wacha niingie pembeni wapite. Kioo, jamvi hakuna, boksi... mpigapicha, toa kichwa nje uniangalizie hilo boksi!