Hudl kwa mzazi wa mwanafutiboli: video ni nusu tu, nusu nyingine ni neno la kocha

Kijana akiingia timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari huko Marekani, jina la Hudl, mtandao wa kuhifadhi na kutazama video za mechi, hufika nyumbani kabla hata hajapewa jezi. Kocha anatuma mwaliko kwa barua pepe, kijana anafungua akaunti kwenye simu, na tangu hapo kila mechi inayorekodiwa inapita humo. Wazazi wetu walioko Columbus, Dallas, Minneapolis au Des Moines, ambao mpira waliokulia nao ni ule wa miguu, huuliza swali moja: je, hiki ndicho kitakachompeleka mtoto chuo kikuu? Jibu linategemea watu wawili ambao mzazi hawaoni kwenye skrini, kocha wa sekondari na kocha wa chuo. Ndiyo maana hatuwezi kukitathmini chombo hiki bila kueleza namna wawili hao wanavyokitumia.

Hudl ilianzishwa mwaka 2006 huko Lincoln, Nebraska, na timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Nebraska ndiyo iliyokuwa mteja wake wa kwanza. Enzi za kanda na DVD, makocha wa sekondari walikuwa wakiendesha gari Jumamosi asubuhi kukutana katikati ya miji yao ili wabadilishane mechi. Siku hizi mechi ya Ijumaa inapakiwa usiku huohuo, na kubadilishana na mpinzani ni suala la kubonyeza mara chache. Anayelipa ni shule, kwa mwaka, na mchezaji aliye kwenye orodha ya timu anapata akaunti yake humo humo. Kwa hiyo mtu akikwambia ulipe pesa ili mtoto "awekwe Hudl", nenda kwanza kwa kocha wake.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye kamera. Futiboli hurekodiwa kwa pembe mbili: moja kutoka juu ya jukwaa, upande wa katikati ya uwanja, inayowaonyesha wachezaji wote 22, nyingine kutoka nyuma ya goli, kwenye nguzo ndefu, inayoonyesha mstari wa mbele ukikutana. Kila mchezo unakuwa klipu yake. Anayerekodi abonyeze wachezaji wanapojipanga, asisubiri mpira uanzishwe, na aache kamera iende sekunde 1 au 2 baada ya filimbi. Kosa la kawaida ni mzazi wa kujitolea kufuata mpira kama kamera ya televisheni. Mwenye mpira anaonekana vizuri, lakini beki wa pembeni na mstari wa mbele wametoka nje ya picha, na hao nao wana makocha wanaowatafuta. Kosa la pili ni kuanza kurekodi mpira ukiwa umeshaanzishwa: hatua ya kwanza inapotea, na kocha wa chuo huitazama hatua hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Klipu zikishapanda, makocha wanajaza safu za taarifa kwa kila mchezo: ni ushambuliaji, ulinzi au mikwaju, jaribio la ngapi (timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10), yadi ngapi zimebaki, mpangilio gani, matokeo gani. Kazi hii inachosha na timu nyingi huiacha nusu. Ikifanywa yote, kocha wa chuo anaweza kuchuja na kutazama majaribio ya tatu peke yake, pale presha ilipo. Isipofanywa, anabaki na klipu 120 zisizo na mpangilio, na hana muda huo.

Sasa ile video fupi ya mchezaji mwenyewe. Kijana anafungua mechi, anaweka alama kwenye michezo yake mizuri, anaikusanya pamoja, anaipanga, kisha anaweka duara la kumtambulisha kabla mpira haujaanzishwa. Dakika 3 hadi 4 zinatosha, michezo 20 hadi 30. Mitano iliyo bora kabisa ikae mwanzo, na isiwe ya aina moja: mpokeaji asianze na mipira mitano mirefu aliyoidakia peke yake, aweke na mmoja anaomzuilia mwenzake njia. Muziki uachwe. Kurudiarudia mchezo mmoja polepole kuachwe. Duara likisahaulika, kocha wa chuo anatafuta namba kati ya watu 22 waliovaa kofia, na baada ya klipu mbili anafunga.

Chukua klipu moja ya mchezaji wa mstari wa mbele wa ushambuliaji. Picha inaganda kidogo, duara linamzunguka miguuni, mpira unaanzishwa. Hatua ya kwanza ni fupi, haizidi urefu wa kiganja. Mikono inaingia ndani ya kifua cha mpinzani, haiendi mabegani. Makalio yako chini, miguu haisimami, na mpinzani anarudi yadi 1, 2, 4, mpaka filimbi inalia. Mwenye mpira amepita upande mwingine kabisa na jukwaani hakuna aliyemwangalia kijana huyu. Kwa sekunde 7 kocha wa chuo ameona wepesi, mbinu na kama huyu huwa anamaliza kazi. Hapa Hudl inastahili sifa zote, kwa sababu kijana wa mji mdogo ambao hakuna skauti anaufikia anaonekana sawasawa na wa Houston.

Lakini kuonekana hakumwambii kocha wa chuo amwamini nani. Kwa hilo ananyanyua simu.

Vyuo hugawa nchi kwa maeneo. Kocha msaidizi anakabidhiwa, tuseme, kaskazini mwa Ohio, na anatakiwa azijue shule za huko na makocha wake kwa majina. Kwenye Hudl kocha wa sekondari anaweza kumtumia kifurushi: wasifu wa kijana, video fupi, na mechi nzima. Hiyo mechi nzima ndiyo muhimu. Video fupi inaonyesha anachoweza kijana siku njema. Mechi nzima inaonyesha anachofanya robo ya nne timu ikiwa imeshafungwa pointi 28. Kifurushi kinachoombwa na kocha wa chuo baada ya mazungumzo kinafunguliwa. Kifurushi kilichotumwa kwa vyuo 100 kwa mkupuo hupotea kama tangazo la biashara.

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinamwongezea kocha wa sekondari uzito. Katika Divisheni ya I, ya juu kabisa kati ya tatu, chuo hakiruhusiwi kumwandikia mchezaji wa futiboli ujumbe binafsi wa usajili hadi Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, yaani darasa la 11. Kuzungumza na kocha wake hakuna kizuizi hicho. Majira ya kuchipua, kwenye kipindi cha tathmini kinachoanza katikati ya Aprili na kuendelea hadi Mei, makocha wa vyuo huzunguka mashuleni. Wanaruhusiwa kutazama mazoezi, kuangalia rekodi za masomo na kukaa na walimu. Lakini kwa mchezaji mwenyewe wanaishia kwenye salamu tu wanapopishana kwenye korido. Kwa hiyo katika wiki hizo kijana anasemewa na mtu mwingine, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Kinachoulizwa humo hakimo kwenye video. Anachelewa mazoezini? Mwalimu wa hisabati anasemaje? Akikaripiwa ananuna? Nyumbani ni nani mwenye uamuzi? Ana jeraha lililofichwa? Alicheza nafasi hii kwa sababu ni yake, au kwa sababu timu haikuwa na mwingine? Kocha mzuri hujibu ukweli hata unapouma, kwa sababu mgeni wake atarudi mwakani na mwaka utakaofuata. Akimsifia kijana wa kiwango cha kati kuwa ni nyota, chuo kikatoa nafasi na kikajuta, atakayelipia ni mtoto wa darasa la 10 ambaye bado hajajulikana. Hapo wazazi wengi hukasirika bila haki. Kocha anaposema "huyu ni wa Divisheni ya II," mara nyingi hamdharau kijana. Analinda neno lake ili siku atakapolihitaji lisikilizwe.

Ukaribu huu una upande wake mgumu. Vyuo vimezoea kuajiri makocha wa sekondari moja kwa moja. Gus Malzahn alitoka Springdale High kwenda Arkansas mwaka 2006, na kwotabeki wake nyota, yaani mrushaji mpira anayeongoza ushambuliaji, akajiunga na chuo hichohicho. Chad Morris aliondoka Lake Travis, Texas, kwenda Tulsa mwaka 2010. Joey McGuire aliacha Cedar Hill akaenda Baylor mwaka 2017, na leo ni kocha mkuu wa Texas Tech. Wengi wao waliajiriwa kwa sababu wanajua mpira na wanaaminika na wenzao, na hilo ni jema. Hata hivyo NCAA iliona hatari ya ajira kugeuka bei ya mchezaji, na mwaka 2017 ikapitisha kanuni inayovizuia vyuo vya ngazi ya juu kumwajiri mtu wa karibu wa mchezaji kwenye kazi isiyo ya ukocha, miaka 2 kabla na miaka 2 baada ya kijana kuingia chuoni. Mzazi naye awe macho. Kama kocha anataja chuo kimoja tu, kila mara, na anakasirika vingine vikitajwa, omba kwa heshima aviorodheshe vyote vilivyouliza habari za mtoto.

Jambo jingine lililobadili hesabu ni uhamisho. Mfumo wa NCAA wa wachezaji wanaotaka kuhama chuo ulifunguliwa Oktoba 2018, na tangu 2021 anayehama anaweza kucheza bila kukaa nje msimu mzima. Kocha wa chuo anayehitaji beki kesho huchukua wa miaka 21 aliyekwisha kucheza, na nafasi za watoto wa sekondari zimepungua. Tangu 2025, kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji, kikomo cha timu ni wachezaji 105. Ndiyo sababu kocha mwenye marafiki Divisheni ya II, NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo) na vyuo vya miaka miwili ana thamani kuliko anayefahamiana na vyuo vya televisheni pekee. Divisheni ya III haitoi ufadhili wa michezo, ila hutoa misaada ya masomo na ya hali ya familia, na hapo kijana mwenye alama nzuri hufaidika.

Udhaifu wa Hudl wenyewe tumeuona mahali panne. Idadi ya watazamaji inawadanganya vijana: video iliyotazamwa mara 900 huenda imetazamwa na shangazi, binamu na darasa zima. Anwani za makocha huchakaa haraka, maana Desemba na Januari wasaidizi huhama vyuo kwa makundi, na kifurushi kinaishia kwa mtu asiyekuwepo. Hakikisha jina kwenye tovuti ya chuo kabla ya kutuma. Urefu, uzito na muda wa kukimbia yadi 40 huweza kujazwa na mchezaji mwenyewe. Sentimita 5 za kuongeza zinagundulika kwenye kambi ya kwanza ya kiangazi, mbele ya kipimo, na anayeaibika zaidi ni kocha aliyemsemea. Na mwisho, timu ndiyo inayoshika video. Kocha akihama au shule ikiacha kulipia, mtoto anaweza kujikuta anahangaikia mechi zake mwenyewe.

Kwa ubora wa video na urahisi tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kama njia ya kupata chuo bila kocha wa kukusemea, tunaipa 2.

Wasifu ujazwe pia upande wa masomo, kwa sababu ni swali la kwanza au la pili la kila kocha wa chuo. Divisheni ya I inataka masomo ya msingi 16 na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4.0, Divisheni ya II inataka 16 na 2.2. Kwa Divisheni ya I, masomo 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya darasa la 12. Alama za SAT na ACT, mitihani ya kuingia chuo, hazidaiwi tena na NCAA tangu 2023. Familia zilizohamia hukwama hapa: kijana aliyeanza sekondari Nakuru, Kigoma, Kakuma au Nyarugusu atatakiwa kuleta rekodi za miaka hiyo pia, na zisizo za Kiingereza zitafsiriwe rasmi. Kuzipata kunaweza kuchukua miezi. Anza akiwa darasa la 9 au la 10, kabla chuo chochote hakijauliza.

Msimu ukiisha, Novemba au Desemba, omba dakika 15 na kocha. Nenda na kijana, aongee yeye. Maswali matatu yanatosha: kocha, kwa maoni yako huyu ni wa ngazi gani? Ni vyuo gani vya ngazi hiyo unavyofahamiana navyo? Amebakiza nini uwanjani na darasani? Usimuulize kwa nini hajampeleka Ohio State. Mwachie karatasi moja yenye linki ya video, alama za masomo, na simu ya mzazi anayezungumza Kiingereza vizuri, kwa sababu kocha wa chuo atauliza apige kwa nani. Usiku huo huo, kaa na kijana mpakue mechi zote kamili za msimu, au mumwombe kocha awapakulie, mziweke kwenye diski ya nje yenye jina lake, mwaka na namba ya jezi.